Unga Ndani ya Usukani

Walisema sitaweza. Baba yangu mdogo, mwenye mashine ya kusaga mahindi pale Gitega, alisema mtoto aliyekulia kambini anajua kupanga foleni, hajui kuongoza kitu. Mwalimu mmoja wa fizikia wa mtaa wa Mushasha, aliyestaafu bila kustaafu kusahihisha watu, alisema diploma yangu ya umeme inatosha kubadilisha taa za kanisani. Kurusha ndege, hata ndege ya kwenye kompyuta, ni kazi ya watu waliosoma kwelikweli. Na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kusini, muuza vitenge na samaki wakavu katika soko la Muyinga, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniuliza ndege isiyotoka chumbani itambebea vipi mizigo yake.

Naandika haya nikiwa kwenye kiti changu, mbele ya kioo changu cha kompyuta, katika chumba ambacho madereva wa malori wanasubiri zamu yao ya kurusha nje ya mlango wake. Niliweza. Nataka hilo lijulikane mapema. Na wale watatu, kama watapata mtu wa kuwasomea habari hizi, wajue kwamba sikusahau neno lao hata moja.

Nilizaliwa Tanzania, upande wa Kigoma, katika kambi ya wakimbizi. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na kiwanja cha udongo mwekundu, na mara mojamoja ndege ndogo nyeupe ilitua pale na wageni wenye fulana safi. Sisi watoto tulikimbilia uzio, na mlinzi alitufukuza kwa fimbo kama anafukuza mbuzi kwenye shamba la mtu. Wenzangu waliwatazama wageni. Mimi nilimtazama rubani, mkono wake, namna alivyouweka mahali pamoja bila papara hadi injini ikanyamaza.

Amani iliporudi, na sisi tukarudi. Tuliingia kwa lori kupitia mpaka wa Kobero, tumekaa juu ya mabati na magodoro, masufuria yakipigana njia nzima. Nilikuwa kijana mwenye Kiswahili kizuri na Kirundi cha kusitasita, na Kifaransa sikuwa nacho kabisa. Shuleni Gitega waliniita Mtanzania. Nilipoinuka kujibu swali, darasa lote lilinyamaza kwanza, ili kicheko kipate nafasi. Nikajifunza Kifaransa chao kwa hasira. Nikachukua diploma ya ufundi umeme, ya daraja la A2, yenye mhuri na sahihi, wakati baadhi ya waliocheka walikuwa wanarudia mwaka. Diploma hiyo niliitia fremu mwenyewe, kwa mbao nilizoranda mwenyewe.

Kompyuta niliipata katika ofisi moja ya Muyinga iliyokuwa inaitupa. Wao waliona sanduku lililoungua. Mimi nilibadilisha kipande kimoja ndani yake, ikafufuka. Programu ya ndege nilipewa na dereva wa lori niliyemtengenezea redio. Usukani niliununua ng'ambo ya mpaka, Kabanga, kwa muuza vitu vilivyokwishatumika. Ni usukani wa fimbo, unasimama mezani kama mpini: ukiuvuta, pua ya ndege inainuka, ukiusukuma, inashuka, ukiulaza pembeni, ndege inalala ubavu huo. Yule muuzaji hakujua anauza nini. Alidhani ni kifaa cha kuchokonolea mfereji.

Nilipungukiwa na kioo kikubwa, meza nzito, na umeme usiokatika ovyo. Ndipo nikaenda kuazima, na ndipo yale maneno yakasemwa, kwa sababu hakuna aliyenipa kitu bila kwanza kunipa neno.

Baba mdogo alinipa meza na chumba cha nyuma ya mashine yake. "Chukua, Mtanzania wangu," alisema. "Mi sikatai. Lakini hata baiskeli ulianza kupanda ukiwa na ndevu."

Mwalimu alinipa televisheni yake ya zamani. Aliipangusa mgongo kama anaaga ng'ombe. "Bon. Utaona picha, fundi. Kuona picha na kuelewa ni mambo mawili."

Mama wa Kivu alinikopesha betri kubwa ya lori pamoja na kile kisanduku kinachogeuza nguvu yake kuwa umeme wa nyumbani. "Papa, betri yangu iko muzima," alisema. "Unirudishie muzima. Ikikufa, mi nakuweka weye kwenye taa."

Nikafunga kila kitu katika chumba kile cha Gitega. Ukuta mmoja tu ulinitenga na mashine ya kusaga, na ukuta huo ulikuwa na mianya. Nilipokuwa kazini meza ilitetemeka kidogo, na vumbi jeupe lilitua juu ya kila kitu. Nililipangusa kwa kitambaa, nikaendelea. Safari yangu ilikuwa ni ileile: kuruka Kigoma, kufuata ziwa kwenda kaskazini, kutua Bujumbura. Kuruka nilijua. Kutua nilitua vizuri sana, na sisemi hivyo kwa kujisifu, ni kweli tu. Katikati ya safari nilimwachia rubani otomatiki, yaani ile sehemu ya programu inayoshika ndege yenyewe: unaiambia urefu na uelekeo, unabonyeza kitufe, halafu unakunja mikono.

Baada ya muda nikawaalika wakopeshaji wangu waje kuona. Nilileta chungu cha pombe ya ndizi na mirija, na kabla ya mgeni yeyote kugusa, nikainama nikavuta mimi kwanza. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Mwenye nyumba anaonja mbele ya macho ya watu, ili wajue alichowapa hakina kitu ndani yake. Akishaonja, mgeni hana ruhusa ya kukataa. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba unamshuku. Wakanywa. Majirani wakajaa mlangoni. Upande wa pili wa ukuta mashine ilikuwa inasaga kama kawaida.

Niliruka kutoka Kigoma, ndege ikapanda, nikabonyeza kitufe cha rubani otomatiki. Kisha nikasimama. Niligeuka nikakipa kioo mgongo, nikakunja mikono kifuani.

"Tazameni," nikasema. "Hakuna mkono. Ndege inajiendesha kwa sababu mimi nimeiamuru."

King'ora kikalia nyuma yangu.

Rubani otomatiki alikuwa ameachia. Nilipogeuka, pua ilikuwa imeshaanza kuinuka yenyewe, mbingu imejaa kioo kizima. Nikabonyeza kitufe kumrudisha. Akakataa. Nikabonyeza tena, akashika, akaachia. Ndege ikainuka mpaka ikaishiwa na mwendo, ikalala ubavu, ikaporomoka. Ziwa likaja juu likatumeza. Kioo kikawa cheusi.

Mama wa Kivu akapiga kofi mapajani. "Samaki leo wamepata wageni!" Chumba kikaanguka kwa kicheko. Mtu mlangoni alipayuka kwamba rapatriye, mkimbizi aliyerudishwa, amerudi Tanzania kwa njia ya maji. Mwalimu alitikisa kichwa kwa huruma ya kunionea. "Mais, fundi, si nilikwambia?"

Baba mdogo hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Alichovya mrija wake katika chungu, akavuta, akanitazama.

"Pombe umeionja mbele yetu," alisema. "Na hii ndege yako, uliionja? Unatupa kitu ambacho hata weye mwenyewe hujawahi kumeza."

Halafu akawageukia watu, kwa sauti ya mtu anayekata kesi. "Sikilizeni wote. Vitu vyetu akae navyo mpaka maharage yavunwe. Siku iyo tutaenda kumtazama tena. Akiishusha ndege yake nzima, tutanyamaza. Ikianguka, tunabeba vyetu na iyo ordinateri yake ya kurushia ndege juu yake, na yeye anarudi hapa kwangu kubeba magunia. Na diploma yake, kuna dirisha langu pale limevunjika kioo. Itaenea."

"Nakubali," nikasema.

"Sema kwa nguvu, wa nyuma wasikie."

"Nakubali!"

Yalisemwa mbele ya chungu na mashahidi. Maneno ya namna hiyo huwezi kuyarudisha mdomoni.

Wiki ileile baba mdogo akahitaji chumba chake. Eti magunia yamezidi. Nikapakia vitu vyote juu ya lori la chumvi, nikaenda Muyinga, ambako mama yangu alijenga nyumba ndogo tuliporudi. Njia nzima nilikaa nimeikumbatia televisheni ya mwalimu. Sikuwaza ndege. Niliwaza uso wa baba mdogo siku ya maharage, na namna nitakavyoupanga.

Kitu cha kwanza nilichofanya Muyinga ni kuufungua ule usukani. Mtu asiye na diploma angelaumu programu. Mimi nilijiuliza kwa nini rubani otomatiki aachie bila kuambiwa. Programu ile ina desturi yake: ikihisi fimbo ya usukani imevutwa, inaamini rubani mwenyewe anataka kushika ndege, kwa hiyo otomatiki anampisha. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa ameishika fimbo. Basi fimbo ilikuwa inasema uongo.

Nikatoa skrubu, nikafungua tumbo lake. Ndani kulikuwa na unga.

Unga wa mahindi, mweupe, wa Gitega. Ulikuwa umepenya chini ya fimbo, ukachanganyika na grisi, ukawa kama ugali mdogo ulioshikamana na vile visahani vinavyoiambia kompyuta fimbo iko wapi. Kila meza ilipotetemeka, ugali ule ulitikisika, na usukani ukapiga kelele kwa kompyuta kwamba mtu anavuta. Ndiyo maana pua iliinuka. Ndiyo maana otomatiki hakukubali kurudi. Nilikaa pale na skrubu kiganjani, nikacheka peke yangu. Ndege yangu iliangushwa na mashine ya baba mdogo!

Nikaukwangua unga ule wote kwa ncha ya wembe, nikaukunja ndani ya karatasi, nikaiweka juu ya kabati pamoja na diploma. Halafu nikaosha visahani kwa spiriti na unyoya wa kuku, nikashona kiatu cha ngozi kuzunguka shina la fimbo ili hata pumzi isiingie. Na kwenye programu nikaiambia kompyuta isisikilize mitikisiko midogo. Fimbo ikaacha uongo.

Ningeweza kuishia hapo. Fundi wa kawaida angeishia hapo. Lakini lile swali la baba mdogo lilinikaa kooni. Ni kweli sikuwahi kuonja kuachiwa. Nilizoea kuruka na kutua. Katikati nilikuwa abiria. Sasa nikaamua nitakula kuachiwa mpaka kunichoshe.

Nilibandika utepe mwekundu kwenye kitufe kimoja cha kibodi, kile kinachomfukuza otomatiki. Kila siku baada ya kazi nilipanda ndege na kumfukuza kwa makusudi: nikiwa napanda, nikiwa nashuka, nikiwa katikati ya kona, nikiwa mawinguni ambako huoni ziwa wala mlima. Mwanzoni nilianguka. Nilianguka kwa mitindo ambayo baba mdogo hakuwahi kuota. Kidogo kidogo mikono ikaelewa.

Nitaeleza, kwa sababu wapo vijana wanaokuja hapa na kudhani ni bahati. King'ora kikilia, kitu cha kwanza ni mkono, na si kidole. Kidole kinataka kukimbilia kitufe kumrudisha otomatiki, kikataze. Shika fimbo kama unavyoshika yai uliloambiwa usilivunje na usilidondoshe. Usivute, usisukume, shika tu kwanza. Macho yaende kwenye mstari wa upeo: mabawa yamelala? Yanyooshe. Pua iko juu au chini? Iweke mahali pake. Kisha mwendo. Kisha urefu. King'ora kiache kilie, hakijawahi kumwua mtu, utakinyamazisha ukimaliza.

Na kuna jambo ambalo hata mwalimu wa fizikia hakulijua. Otomatiki anapobeba ndege, anabeba uzito kimyakimya. Pua inataka kushuka, yeye anaizuia, nawe huoni. Siku anapoachia, uzito wote unakuangukia mkononi kwa mara moja. Ndiyo maana ubavuni mwa usukani kuna gurudumu dogo la kusawazisha pua. Unalizungusha polepole mpaka mkono usikie nafuu, mpaka ndege itulie hata ukilegeza vidole. Hapo ndipo unafikiri kumrudisha otomatiki, na si kabla ya kumpangia upya urefu na uelekeo ulionao sasa. Ukimrudisha na maagizo ya zamani, atakimbilia kule alikokuwa anakwenda, hata kama katikati pana mlima.

Mchana nilifunga sola kwenye mapaa ya nyumba za barabara ya Kobero, nikatengeneza redio za malori yanayosubiri forodha. Kazi yangu ilisifiwa, na ilistahili. Kila nilichopata nilikigeuza kuwa kitu, na kila kitu nilikificha nyuma ya pazia la chumba cha ndani. Mama yangu aliuliza mara moja kuna nini kule. Nikamjibu, "Kuna siku ya maharage, mama."

Maharage yakavunwa. Wakaja.

Baba mdogo alishuka kwenye gari dogo la abiria amevaa koti la harusi, na kwapani amebeba kamba mpya ya katani. "Ya kufungia ordinateri," alinieleza, ingawa sikumwuliza. Mwalimu alikuja naye, na miwani mbili, moja ya karibu na moja ya mbali. Mama wa Kivu alifunga duka lake mapema, akaja na nusu ya soko.

"Papa, betri yangu iko wapi?"

"Iko pale, mama. Nzima kuliko ulivyonipa."

"Mmh. Tutaona jioni nani iko muzima."

Chungu cha pombe ya ndizi kilikuwa tayari. Nikainama, nikavuta kwanza, nikafuta mdomo. Wakanywa. Kisha nikamchukua baba mdogo kwa mkono, kwa heshima zote, nikamkalisha kwenye kigoda kando ya kibodi.

"Baba mdogo, unaona kitufe hiki chenye utepe mwekundu?"

"Nakiona. Nini?"

"Siku ile ndege iliachiwa yenyewe. Leo utaiachia wewe. Chagua wakati unaoutaka, mahali pabaya kuliko pote. Usiniambie. Finya tu."

Akanitazama kama mtu anayetafuta mtego kwenye nyasi. "Nikifinya, iyo otopilote inayoshika ndege inakufa?"

"Inakufa kabisa."

"Na mi naruhusiwa?"

"Mbele ya watu wote hawa."

Watu wakashangilia. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, na kidole chake akakiweka juu ya utepe kama mtu anayelinda sarafu isipeperuke.

Niliruka Kigoma. Nikampa otomatiki ndege. Sikukunja mikono, mkono wangu wa kulia ulilala karibu na fimbo, umelegea. Baba mdogo alisubiri. Alikuwa na subira, hilo simnyimi, mtu anayesaga nafaka za watu lazima awe na subira. Mara alikohoa, mara alijifanya anakuna goti, akinitazama kama nitashtuka. Ziwa likapita kushoto. Tukaingia mawinguni, hakubonyeza. Tukatoka mawinguni. Bujumbura ikatokea, milima imesimama upande wa kulia karibu kama ukuta wa jirani. Ndege ikaanza kushuka na kupinda kona, imelala ubavu, pua inaelekea kule kwenye milima.

Akafinya. Alifinya kwa kidole gumba na uzito wa bega zima.

King'ora. Mtu nyuma akapiga yowe. Pua ikaanguka, milima ikajaa kioo, na ule uzito wote ukaniangukia mkononi kama gunia. Lakini mkono ulikuwa umeshafika. Sikuvuta. Nilinyoosha mabawa kwanza, taratibu, mpaka upeo ukalala sawa. Nikainua pua, kidogo. Nikaangalia mwendo. Nikaangalia urefu. Mlima ukapita chini ya bawa la kulia, ukaenda zake. Nikazungusha gurudumu dogo mpaka vidole vikapata nafuu, na king'ora kikiwa bado kinalia nikamgeukia baba mdogo.

"Kinyamazishe, tafadhali. Wageni hawasikilizani."

Hakujua atakinyamazisha vipi. Nikakinyamazisha mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Sikumrudisha otomatiki. Ningeweza, lakini sikutaka mtu aseme kesho kwamba mashine iliniokoa. Niliishika ndege kwa mkono mpaka uwanjani, nikaishusha, magurudumu yakagusa, nikaenda nikasimama katikati kabisa ya mstari mweupe. Soko zima likalipuka. Mama wa Kivu alipiga vigelegele, akamshika mwalimu bega akamtikisa. "Ameshusha! Mwalimu, ameshusha! Na mizigo yangu ilikuwemo!"

Baba mdogo akaanza kuinuka. "Basi," alisema. "Imeisha. Tunyamaze kama nilivyosema."

"Bado, baba mdogo," nikasema. "Mimi nimeonja."

Akaelewa mara moja. Niliona anavyoelewa, uso ukishuka polepole kutoka paji hadi kidevu. Nilikuwa nimeionja mbele ya macho yao, na sasa ilikuwa zamu ya wageni. Watu wote mlangoni walijua sheria hiyo tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Nani angesimama aseme anakishuku nilichompa?

Mwalimu alianza. Nilimpa ndege ikiwa angani tayari, imetulia, iko kwa otomatiki. Alibadilisha miwani. Nikabonyeza utepe mwekundu. King'ora kilipolia alikimbilia kitufe cha kumrudisha otomatiki, kama nilivyojua atakimbilia.

"Nafinya! Mais, nafinya!"

"Shika fimbo, mwalimu."

"Nafinya na haisikii!"

Mara ya tatu ilisikia. Otomatiki akarudi na maagizo ya zamani niliyokuwa nimeyaacha makusudi, akageukia njia yake ya awali, na katikati palikuwa na mlima. Mwalimu aliuona ukija, akavua miwani.

"Kuona picha na kuelewa," nikamwambia, "ni mambo mawili." Nilikuwa nimelibeba neno hilo tangu Mushasha. Lilikuwa bado la moto.

Mama wa Kivu alipoona ni zamu yake alichukua mrija akavuta pombe kwa kishindo. "Mi nimekunywa mara mbili," alitangaza. "Moja ya chungu, moja ya ndege. Betri nilikopesha, papa, roho sikopeshi." Watu wakacheka, nami nikacheka. Yeye nilimwacha. Kicheko chake hakikuwahi kuwa na miiba.

Baba mdogo akakaa kwenye kiti. Alivua koti la harusi akalitundika begani pangu, kama vile mimi ni msumari. Nilimpa ndege ileile, juu ya ziwa lilelile, nikasubiri. Nilisubiri zaidi ya alivyosubiri yeye. Nikakohoa. Nikakuna goti. Jasho lilimshuka nyuma ya sikio. Alipopumua tu, akidhani nimemsamehe, nikabonyeza.

Alivuta fimbo kwa mikono miwili kama anavyovuta mkono wa mashine yake ukikwama. Pua ikainuka. Akavuta zaidi. Mbingu ikajaa kioo, ndege ikaishiwa na mwendo, ikalala ubavu, ikaporomoka, na ziwa likaja juu kama lilivyonijia mimi, mahali palepale. Kioo kikawa cheusi.

Nilimtazama mama wa Kivu. Hakuhitaji nimkumbushe.

"Samaki!" alipaza sauti. "Leo wanakula tajiri wa Gitega!"

Walicheka mpaka chungu kikapinduka. Mimi sikucheka. Nilisimama nimeshika koti lake begani, nikamtazama kama alivyonitazama, mpaka akateremsha macho. Nawaambia kweli, sijawahi kula chakula kitamu namna ile.

Halafu nikavuta pazia. Nyuma yake kulikuwa na meza yangu ya mninga, pana kuliko ya baba mdogo. Kioo changu bapa, kikubwa mara mbili ya televisheni ya mwalimu. Na betri zangu, mpya, zimepangwa kwa safu na waya zake. Mwalimu alivaa miwani ya mbali, kisha ya karibu.

"Leo narudisha," nikasema.

Televisheni ya mwalimu nilimkabidhi imefutwa hadi kwenye mianya ya mgongo, na waya wake nimeubadilisha kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa wa aibu. "Utaona picha," nikamwambia. Aliipokea bila kusahihisha kitu. Betri ya mama wa Kivu niliijaza umeme kabla ya kuichomoa, nikamkabidhi pamoja na kisanduku chake, nikaiunganishia taa ndogo aijaribu mwenyewe. Taa ikawaka, akanibusu paji la uso mbele ya soko zima. "Papa, sasa ukikosa kazi nitakubeba weye na mizigo."

Meza ya baba mdogo nilikuwa nimeipiga msasa na rangi, ikang'aa kuliko siku aliyoinunua. Vijana wawili wa soko waliibeba hadi garini, wakaifunga juu kwa ile kamba mpya ya katani. Alikuwa anaingia nilipomwita.

"Baba mdogo. Kimebaki kitu chako kimoja."

Nilimpa ile karatasi iliyokunjwa. Aliifungua pale barabarani, watu wakimzunguka. Akatazama ule unga mweusi wa grisi, akaunusa, akanitazama.

"Iko nini?"

"Ni unga wako. Ulikuwa ndani ya usukani wangu siku ile nilipoanguka. Sikutaka nibaki na deni lako hata la chembe."

Kwetu kitu anachokupa mtu mbele ya watu hukipokei kwa mkono mmoja. Aliifunga tena karatasi, taratibu, akaishika kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, kwa sababu Muyinga nzima ilikuwa inatazama. Kisha akasema asante.